MAMBO YA NESI: Baba kanifundisha kuchonga upinde



Niliwaahidi kwamba wiki hii tutaendelea na mada ya kumwachisha mtoto ziwa. Naomba mnivumilie, itarudi. Nilikuwa likizo nyumbani Kasulu, na huko nimefanya kitu ambacho sikudhani ningekifanya nikiwa na miaka thelathini na sita: nimechonga upinde. Upinde wa kweli, wa mti, wa kurushia mshale. Nimevunja mmoja na kumaliza mmoja. Nataka nikueleze ulivyochongwa, maana huenda na wewe una mtoto anayekusumbua umtengenezee. Ukimpuuza atajitengenezea mwenyewe, na hapo ndipo mimi na wewe tunapokutana wodini.

Nianzie hapohapo wodini, ili ujue kwamba mimi nilikuwa adui mkubwa wa upinde.

Kazi yangu iko Kibondo, na watoto ndio wagonjwa wangu. Sitataja mwaka wala kijiji, kwa sababu familia ile inaweza kunisoma. Aliletwa mtoto wa miaka saba. Kaka yake alikata ufito mbichi, akafunga kamba, mshale akatengeneza kwa waya wa mwavuli. Walikuwa wanacheza tu. Waya ukaingia jichoni. Mama wa watu, kwa uchungu na hofu, akauchomoa, akaosha jicho kwa maji ya mtungini, akakamulia maziwa yake. Mimi pia ningeweza kufanya vile kama nisingesoma. Walifika kesho yake. Lile jicho halikuokolewa.

Kwa hiyo sikia hili kabla ya mengine yote. Kitu kikichoma jicho na kukwama, usikichomoe. Usilioshe jicho, usilikamulie maziwa, usitie dawa ya majani wala matone uliyonunua dukani. Chukua kikombe safi, lifunike jicho bila kikombe kuligusa wala kulikandamiza, kifunge kwa kitambaa, mkalishe mtoto ametulia, halafu nenda hospitali saa hiyohiyo. Usisubiri asubuhi, hata kama mtoto ameacha kulia.

Tangu kesi ile, kijana wangu wa miaka kumi akiomba upinde nilikuwa namjibu "hapana" kabla hajamaliza sentensi.

Sasa, baba.

Baba yangu alipata kiharusi mwaka jana mwezi wa kumi. Vidonge vya presha alikuwa ameviacha kama miezi miwili hivi, kwa sababu alijisikia mzima. Mimi, binti yake nesi, nilikuwa nampigia kila Jumapili kumuuliza, "Baba, umekula?" Sikumuuliza hata siku moja, "Baba, umemeza dawa?" Hilo ninalo, nalala nalo.

Upande wa kulia ulilegea, mkono kuliko mguu. Maneno nayo yakapotea. Kuelewa anaelewa vizuri kabisa, ukimdanganya anajua, lakini kulitoa neno ndiyo kazi. Alibaki na "bado", "acha", "hapa", "ndiyo", na neno "jembe", ambalo linakuja mahali pa kila neno asilolipata. Chai ni jembe. Redio ni jembe. Hata mimi nimeshaitwa jembe, nikaamua kuchukua maana ya vijana wa siku hizi, kwamba nimesifiwa.

Nilipofika likizo mwezi wa saba nilikuwa nimejipanga kama naingia zamu. Nilimletea mpira laini wa kuminya: mara hamsini asubuhi, mara hamsini jioni. Nikaandika ratiba nikaibandika ukutani. Nikawa namshikia kijiko. Baba alikuwa anauminya ule mpira mara tatu, anauweka pembeni, anatazama migomba. Mama akaniambia kwa upole, "Mwanangu, baba yako si kitanda namba nne." Niliudhika, nikajifanya sijasikia.

Siku ya tatu kijana wangu akaanza wimbo wake, safari hii kwa babu. "Babu, eti wewe ulikuwa unachonga upinde?" Baba akainua mkono wa kushoto, akanyoosha kidole kuelekea jikoni, juu, darini. "Jembe," akasema. Tukatazamana. Ni mama aliyeelewa. "Anasema yale magongo."

Kumbe kiangazi cha mwaka jana, kabla hajaugua, baba alikata magongo mawili ya mkole, akayabandua magome, akapaka nta kwenye ncha zake na kuyaweka darini juu ya mafiga yapate joto na moshi. Alitaka kumchongea mjukuu Desemba ile. Desemba ilipofika hakuweza hata kushika kikombe.

Nikasema hapana, nikawasimulia habari ya jicho. Baba akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Acha." Kwa sauti ile ya zamani, ya kunizuia nisigombane na kaka zangu. Kura zikapigwa, nikashindwa tatu kwa moja. Nikapanda kuyateremsha magongo, meusi tii kwa masizi, na ndiyo ukawa mwanzo wa mimi kuwa mikono ya baba.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe. Kama hujawahi kushika panga kwa kazi zaidi ya kuni, tuko sawa, mimi pia.

Kwanza mti. Mkole unapendwa kwa sababu nyuzi zake ni ndefu na unapinda bila kukatika ovyo. Mti mwingine mgumu wenye nyuzi zilizonyooka unafaa pia. Chagua uliosimama wima, usio na macho mengi ya matawi, unene kama kifundo cha mkono wako. Usiutumie mbichi. Sisi tunasema samaki mkunje angali mbichi, lakini kwenye upinde methali hiyo iweke kando: mti mbichi ukiukunja unabaki umekunjamana hivyohivyo, haurudi, na mshale unaanguka miguuni pako. Unakauka kivulini kwa miezi, sio juani, ukipigwa na jua unapasuka. Zile ncha hupakwa nta au rangi kwa sababu hapo ndipo maji yanapotoka upesi na nyufa kuanza.

Urefu wa mtoto wa miaka kumi, mkate unaomzidi kimo kidogo. Wetu ulikuwa futi nne na nusu. Mtu akikwambia upinde mfupi ni rahisi kwa mtoto, usimsikilize. Mfupi unalazimishwa kupinda sana kwenye nafasi ndogo, ndio unaovunjika.

Upinde una mgongo na una tumbo. Mgongo ni upande unaotazama mbele, kule mshale unakokwenda. Tumbo ni upande unaokutazama wewe unayevuta. Mgongo ukishabandua gome huugusi tena kwa kisu. Kabisa. Nyuzi za mti zinakimbia pale kutoka ncha hadi ncha, na unapovuta ndizo zinazobeba mzigo. Ukizikata mahali pamoja, umeutia upinde jeraha, na siku moja utafunguka papo hapo. Kazi yote ya kupunguza inafanyika tumboni.

Katikati unaacha mshikio, upana wa kiganja, mnene, usiopinda. Kutoka hapo kila mkono wa upinde unapungua taratibu kuelekea nchani, kama mkia wa panya. Hatua hii panga inatosha, ukiwa na nia ya kuacha mti mwingi kuliko unavyodhani. Ilinichukua asubuhi moja, na baba alikuwa ananiambia "bado" pale nilipokuwa natamani kusikia "ndiyo".

Halafu inakuja kazi yenyewe, na hii ndiyo iliyonifanya niandike. Gongo lililochongwa umbo la upinde bado si upinde. Ni gongo. Linakuwa upinde likifundishwa kupinda, mikono yote miwili, sawasawa, bila mmoja kumbebea mwenzake mzigo. Tuiite kusawazisha. Haina haraka hata kidogo, na mtu anayeanza hapa ndipo anapoharibu.

Unaanza kwa kusimamisha ncha moja chini, unashika ncha ya juu, unasukuma mshikio kwa kiganja polepole. Unahisi. Mkono mgumu kama nguzo? Punguza tumboni, kote. Geuza ncha, fanya vilevile. Mikono yote ikishaanza kukubali kidogo, unafunga uzi mrefu uliolegea kati ya ncha mbili, hujaukaza bado. Unautundika upinde kwa mshikio wake juu ya nguzo. Sisi tulitumia nguzo ya kibanda cha kuni, nikapigilia vipande viwili vya mbao kushikilia mshikio usiteleze, na chini yake nikachora alama za mkaa kila sentimita tano. Halafu unavuta uzi kuelekea chini. Alama ya kwanza tu. Unatazama, unaachia. Basi.

Unatazama nini? Unatazama mstari. Kila mkono unatakiwa ufanye mviringo mmoja laini, kama mwezi mchanga. Pakinyooka kama rula, hapo ni pagumu, hapakubali. Pakikunjika kama kiwiko, hapo ni dhaifu, panabeba kazi ya wenzake. Pale pagumu unapaka mkaa, unashusha upinde, unakwangua hapo tu, mara kumi au kumi na tano. Kwa kukwangulia, kipande cha chupa kilichovunjika vizuri ni bora kuliko kisu, kinatoa unga mwembamba kama wa msasa. Kifunge kitambaa upande wa kushikia. Nilijikata siku ya kwanza, nesi mzima, nikajifunga bandeji mwenyewe huku mama akinicheka.

Ukishakwangua unarudisha nguzoni, unavuta hadi alama ileile mara ishirini au thelathini, taratibu. Mti hauonyeshi mabadiliko saa hiyohiyo, mpaka uuzoeze. Ndipo unatazama tena. Mstari ukiwa safi, ndipo unaruhusiwa kwenda alama ya pili. Pakionekana kasoro kwenye alama ya pili, usiende ya tatu kwa matumaini kwamba itajirekebisha.

Mimi nilikwenda kwa matumaini.

Gongo la kwanza nililifikisha alama ya nne siku ya pili. Kwenye mkono mmoja, chini kidogo ya jicho la tawi, palikuwa na kiwiko kidogo. Nilikiona. Mwalimu wangu pia alikiona, maana alikuwa anasema "bado, bado" na kugonga fimbo chini. Lakini kijana wangu alikuwa anarukaruka, wapwa zangu wamekusanyika, na mimi nilitaka wauone umevutwa hadi mwisho. Nikavuta. Ukavunjika kwa sauti ambayo naijua kutoka kazini, sauti ya mfupa.

Wote kimya. Mwanangu akaanza kulia. Baba akanyoosha mkono wa kushoto nimletee vipande. Akavigeuza, akapapasa, akaweka kidole gumba mahali palepale kwenye kiwiko. "Hapa." Kweli, palikuwa pembamba kuliko kwingine kwa unene wa kucha. Ndipo akaanza kucheka. Sisi wa hospitali tunajua kiharusi kinaweza kumfanya mtu acheke au alie bila kujizuia, na mwanzoni nilimtazama kwa macho hayo. Lakini mama naye alianza kucheka, akasema, "Hivi ndivyo alivyonicheka mimi mwaka ule nilivyounguza ugali wa wageni." Kilikuwa kicheko chake mwenyewe. Nilikuwa sijakisikia tangu Oktoba.

Likabaki gongo moja. Msinielewe vibaya, mikole bado ipo. Ila yule aliyejua aukate upi, auache kwa muda gani, aukaushe wapi, hawezi tena kupanda kilima. Usiku ule nililitazama lile gongo kama ninavyotazama chupa ya mwisho ya damu kwenye friji.

La pili tukalifanya kwa utaratibu wa baba. Yeye akawekewa kigoda hatua sita kutoka kwenye nguzo. Mimi navuta, yeye anatazama. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu jingine: ukiwa umeushika uzi, uko karibu mno, huwezi kuuona mstari. Kama uko peke yako, mpe mtu simu akupige picha ya upande, uitazame umekaa. Mimi nilikuwa na jicho la baba, sikuhitaji simu. Nikivuta anasema "bado" au ananionyesha kwa fimbo, juu kidogo, kushoto. "Hapa." Nakwenda kupaka mkaa. "Hapa?" "Ndiyo."

Na mahali palipopinda sana, nilipotaka kwenda kupagusa ili niparekebishe, alikuwa ananizuia kwa ukali. "Acha! Acha!" Ilinichukua siku nzima kuelewa. Sehemu dhaifu huirekebishi kwa kuigusa. Unaiacha kabisa, hata msasa usipite. Unapunguza kwenye ile migumu iliyo jirani yake, huku na huku, mpaka nayo ianze kupinda na kumpokea mwenzao mzigo. Kwa mtu wa kazi yangu hilo ni gumu, maana sisi tumefundishwa kwenda moja kwa moja kwenye kidonda.

Kukwangua kulihitaji gongo lishikiliwe lisiteleze, na watoto walikuwa shule. Siku ya kwanza nilimwomba baba akandamize ncha kwa mkono wa kushoto. Akakataa. Akaushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaunyanyua kama unavyonyanyua mtoto aliyelala, akauweka juu ya gongo. Uzito tu. Ulitosha. Tukafanya kazi hivyo asubuhi tano, mimi nakwangua, mkono wake umelala juu ya mti. Asubuhi ya nne niliona vidole viwili vimekunja, vimeushika. Kidogo, kama vya kichanga usingizini. Sikusema kitu. Nilihofia nikisema nitaanza kuvihesabia mara hamsini. Ule mpira ulikuwa bado uko dirishani, na jioni ile niliibandua ratiba ukutani. Kijiko nacho nikakiacha, akawa anakula kwa kushoto, anamwaga, anafuta, anaendelea.

Mpaka jioni ya tano tukawa alama ya tano, mstari safi. Ndipo tukaweka uzi mfupi. Wetu tulisokota kwa uzi wa nyavu, mtu alituletea kutoka Kigoma mjini, nyuzi kadhaa pamoja, kitanzi huku na fundo huku. Kipimo cha uzi ukishakazwa ni ngumi yako ukiisimamisha juu ya mshikio na dole gumba limenyooka: uzi uguse ncha ya dole. Ukiwa chini sana utakuchapa mkono, ukiwa juu sana unauchosha mti bure.

Baada ya kukaza, kila kitu unakitazama upya, maana kasoro ndogo hapo zinajitokeza. Tulikwangua tena mara mbili tatu, mara tano tano tu. Mwisho wa kuvuta kwa mtoto wa kimo chake ni sentimita 45 hivi, na hapo ndipo pa kusimama, hata kama mti unaonekana unaweza zaidi. Upinde uliosawazishwa kwa 45 usimpe mjomba mwenye mikono mirefu aujaribu. Nimewaambia wajomba wote.

Uzito wa kuvuta tuliupima kwa mzani wa kuning'iniza wa jirani anayenunua maharage. Sikuchukua wa kliniki, msije mkaniripoti. Ukifika sentimita 45 ulisoma kilo nane. Kwa mtoto wa kumi inatosha na inabaki kidogo. Upinde wa mtu mzima wa Kihadzabe, kule Ziwa Eyasi, unaweza kuvuka kilo thelathini, na watoto wao wa kiume hupewa vipinde vidogo tangu wana miaka mitatu hivi. Nilipomsomea mama hilo akasema, "Unaona?" kama vile ni yeye aliyebishana kwa niaba yao.

Ishara za hatari uzijue. Kibanzi kikiinuka mgongoni, hata kidogo kama unywele, acha kuvuta, upinde huo umekwisha au unakaribia. Tumboni ukiona mistari midogomidogo imekatiza, kama makunyanzi, hapo mti unasagwa, pumzisha na upunguze majirani wa pale. Usivute uzi ukauachia bila mshale. Nguvu isipokwenda kwenye mshale inarudi kwenye mti. Na ukimaliza kucheza, uvue uzi. Upinde unaolala umekazwa unachoka na kusahau kunyooka.

Mwisho tuliupaka mawese. Sisi wa Kigoma mawese ni ya kila kitu. Ukang'aa mwekundu mweusi, masizi ya jikoni yakiwa yamebaki kwenye vinyweleo vya mti.

Mishale sasa, na hapa nakutazama machoni. Hakuna waya. Hakuna msumari. Hakuna ncha. Tulitumia matete yaliyonyooka, na mbele tukafunga kichwa cha duara cha raba ya kandambili ya zamani, kikubwa kuliko tundu la jicho la mtoto. Hicho ndicho kipimo: kama kinaweza kupenya kwenye tundu la jicho, hakifai. Shabaha ni gunia lililojazwa majani makavu ya migomba, nyuma yake kuna kichuguu. Warushaji wote wanasimama mstari mmoja, hakuna anayekwenda kuokota mshale mpaka kila upinde umewekwa chini, hakuna kurusha juu angani, na mtu mzima yupo, amekaa, anatazama, hana simu mkononi. Mtu mzima akiondoka, upinde unaondoka naye.

Na ni wa shabaha tu. Kijana wangu aliuliza kuhusu sungura, nikamwambia kuwinda bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na sisi wa Kibondo tunapakana na Pori la Akiba la Moyowosi, hakuna wa kusema hakujua. Babu yake aliitikia kwa kichwa, ingawa nadhani ujana wake una habari nyingine.

Mshale wa kwanza aliurusha mwanangu. Ulilikosa gunia. Wa pili pia. Wa tatu ulipiga pembeni ukaanguka na kila mtu akapiga kelele kama Kigoma imefunga goli. Mimi nilikuwa nautazama ule mstari wa upinde ukikunjika na kurudi, kukunjika na kurudi, mikono miwili sawasawa. Baba naye alikuwa anautazama. Akavuta pumzi, midomo ikahangaika kama inavyohangaika akitafuta neno, nikawa tayari kwa jembe.

"Umuheto," akasema.

Ndivyo tunavyouita kwa Kiha. Mama aliweka chini sinia alilokuwa ameshika.

Tumerudi Kibondo wiki tatu sasa. Upinde unaning'inia sebuleni juu, umevuliwa uzi, na uzi naufungia kwenye kabati lenye dawa. Jumamosi saa kumi ndiyo siku yake. Jumapili nampigia baba, swali la kwanza ni vidonge, mama anamshikia simu anitingishie kile kikopo nisikie vinavyolia ndani. Halafu naye anauliza lake, kila wiki hilohilo, neno moja, safari nyingine linatoka, nyingine linageuka jembe njiani. Namjibu, "Nimeuvua uzi, baba. Unapumzika."

"Ndiyo," anasema. Halafu anampa mama simu.